Pete ya Kulengea ya Orville

Kambi ya akina Hostetter, kule milimani kaskazini mwa Pennsylvania, ina ukuta mmoja uliojaa vipande vya mashati. Mtu akimfyatulia kulungu risasi akamkosa, jioni husimamishwa mbele ya jiko, upindo wa nyuma wa shati lake ukakatwa kwa mkasi, ukaandikwa jina lake na kupigiliwa ukutani kwa msumari. Wenzake hucheka, naye hucheka, kisha wote hula. Lakini anayekatwa shati misimu mitatu mfululizo hupoteza mahali pake pa kuvizia, na tangu hapo huwa mpishi. Sheria hiyo aliiweka babu yao. Hakuna aliyewahi kuilalamikia, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika huko.

Orville alikuwa ameshakatwa misimu miwili mfululizo.

Mahali pake palikuwa jiwe bapa juu ya kijito, katikati ya misonobari mizee. Baba yake ndiye aliyemkalisha hapo alipokuwa mtoto, na sasa Orville mwenyewe alikuwa babu wa watu. Mkono wake ulikuwa bado imara. Macho ndiyo yaliyomsaliti. Bunduki yake ilikuwa ya wenzo, ile unayoikoki kwa kusukuma chuma cha chini mbele na kukirudisha, na ilikuwa na mkato mdogo wa kulengea katikati ya mtutu. Siku hizi alipouangalia mkato ule aliuona kama kitu kilichofunikwa na mvuke wa sufuria. Alimwambia mkewe Verna peke yake. Verna hakumwambia aache kuwinda. Alimwekea glavu zake karibu na jiko zipate joto, akamshauri aende kwa Bernice, fundi bunduki wa mjini.

Kwa kuwa barabara zilikuwa na theluji, mdogo wake Leland alijitolea kumpeleka kwa gari. Orville alifurahi. Leland hakuwa na desturi ya kujitolea.

Bernice aliondoa ule mkato, akafunga pete ndogo ya chuma huku nyuma, karibu na jicho.

“Usiitazame pete, Mzee Orville,” alimwambia. “Tazama mbele kupitia ndani yake. Weka kile kijino cha mbele, kwenye ncha ya mtutu, pale unapotaka risasi iende, basi. Katikati ya pete jicho litapatafuta lenyewe.”

Leland aliinama akachungulia. “Tundu lote hilo? Ng’ombe anapita humo na ndama wake. Kaka, umekuja kununua kilengeo au dirisha?”

Akaokota kisahani kilichokuwa mezani, chenye tundu dogo kama kichwa cha sindano, ambacho hukazwa ndani ya pete. Akataka kaka yake ajaribu hicho. Bernice alieleza kwa upole kwamba kisahani ni cha kulengea karatasi kwenye jua. Alfajiri, chini ya misonobari, tundu dogo kama lile halipitishi mwanga wa kutosha hata kuona mkono wako.

Walikwenda kujaribu uwanjani nyuma ya duka, mchana kweupe, theluji inamulika. Kwa pete tupu, risasi za Orville zilitawanyika upana wa kiganja, na kiganja kinatosha kabisa kwa kulungu. Kwa kisahani, matundu yote ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Leland aliipigia mluzi ile karatasi, akampiga kaka yake begani, akasema lazima watu wa kambini waione. Ilikuwa miaka mingi tangu Leland amsifu kwa lolote. Orville akasema atachukua na kisahani.

Bernice hakubishana naye. Alimfutia miwani kwa kitambaa safi, akamwonyesha jinsi ya kukifungua kisahani kwa ncha za vidole, akamwomba akitoe kabla ya kuingia msituni. Orville akamwahidi, na alikusudia kutimiza.

Jioni ile kambini, karatasi ilipita mkono kwa mkono. Wakati Orville anaelezea jinsi alivyopiga, Leland aliichukua bunduki ya kaka yake ili aitie mafuta, na alipomaliza akachukua koleo akakikaza kile kisahani.

“Nimekukazia, kaka, kisije kikadondoka kwenye theluji,” alisema.

Orville akamshukuru.

Asubuhi ya kwanza ya msimu alikaa juu ya jiwe, akashika kisahani akizungushe. Hakikuzunguka. Alivua glavu, akajaribu tena hadi ukucha ukachanika, chuma kikiwa baridi cha kuunguza. Alikuwa bado anahangaika nacho pale dume la kulungu liliposhuka kuelekea kijitoni, likasimama, likageuza ubavu.

Aliweka jicho. Ndani ya tundu mlikuwa na giza tupu. Angeweza kumwacha apite na asijue mtu. Lakini alilitaka sana jiwe lile, akajiaminisha kwamba ameona kijino kikigusa kitu cha kahawia, akafyatua. Kulungu aliinua mkia wake mweupe, akaondoka zake.

Wenzake walikuja, wakatafuta kwa haki damu au unyoya kwenye theluji. Curtis, mkwe wa Leland, ndiye aliyetafuta kwa muda mrefu zaidi, amepiga magoti. Hapakuwa na kitu.

Mkasi aliushika Leland, akakata juu, hadi karibu na mabega, kwenye shati alilolishona Verna. “Mpishi wetu huyu hapa,” alisema. “Na chumvi, kaka, uitie kwa pete tupu, usiitie kwa kisahani.” Wakacheka sana. Kisha akatangaza kwamba jiwe ni la Curtis. Curtis alisema yeye hana haraka, baba mkubwa na amalizie hapo msimu huu. Leland akamjibu kwamba sheria haikuwekwa na Curtis.

Kesho yake Orville aliamka kabla ya wote, akakaanga mayai na nyama. Kumpa kila mtu bunduki yake ni kazi ya mpishi pia. Alipoishika ya Leland, pacha wa yake, maana baba yao alizinunua pamoja, aliiinua begani kwa mazoea, akalenga dirishani. Nje kulikuwa bado giza, lakini aliona rundo la kuni, gogo kwa gogo. Mbele ya jicho lake palikuwa na pete tupu, pana.

“Yako haina kisahani,” alisema.

Leland alikuwa anapaka siagi. “Kisahani ni cha karatasi, kaka. Bernice si alikwambia?”

“Ulikikaza kwa koleo.”

“Nawe ukanishukuru.”

Mezani wakacheka, isipokuwa Curtis. Curtis aliitazama sahani yake. Orville akamsubiri. Kijana yule alikuwa na moyo mwema, na neno lake moja lingetosha. Curtis alifuta sahani kwa mkate, akavaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, akachukua chupa ya kahawa ambayo Orville alikuwa amemjazia.

“Asante kwa mayai, baba mkubwa,” alisema kwa sauti ya chini. Akapanda kwenda jiweni.

Orville alikuwa anaosha vikaango mlio wa bunduki ulipotoka upande wa kijito. Mlio mmoja tu. Ini la kulungu wa kwanza huliwa siku hiyohiyo, kwa vitunguu. Alikausha mikono, akavuta kikapu cha vitunguu, akaanza kumenya.