Haikaliwi

Kampuni ile ndogo ya vitabu ilichapa historia ya mitaa na majengo yake, basi, hakuna kingine. Ofisini alikuwamo mhariri, ambaye ndiye pia mwenye mali, pamoja na mashine ya kunakili iliyofanya kazi ikijisikia. Zamani alikuwepo na mkewe. Wenye maduka ya vitabu walimwita Mzee Nukta, kwa sababu aliwahi kumrudishia mchapaji kitabu kizima kwa ajili ya nukta iliyokosekana, na hadithi hiyo akawa anaisimulia mwenyewe bila haya.

Asubuhi hiyo Mzee Nukta alikuwa na hamu, ingawa ungemuuliza angekana. Kitabu kipya kilihusu nyumba za mtaa mmoja wa zamani, na mwandishi wake, binti msanifu majengo, alikuwa ameleta kurasa za mwisho. Miongoni mwa nyumba hizo ilikuwamo ya Mzee Nukta mwenyewe. Binti hakujua. Mzee aliiingiza kwenye orodha kimyakimya, akangoja aone jicho la mtu baki litasema nini. Mvi zimemjaa, lakini moyoni alikuwa mtoto anayesubiri kusifiwa.

Na kwanza alisifiwa. Binti aliandika kuwa ngazi za nyumba hiyo ni nzuri kuliko zote mtaani, na kwamba madirisha yake yamechongwa na fundi asiyekuwa na haraka. Mzee akatabasamu peke yake. Kisha akafika mstari wa mwisho: "Nyumba hii haikaliwi."

Akausoma tena, akitafuta kosa la chapa. Hakuliona.

"Hii ya haikaliwi," alimwambia binti aliyekuwa anangoja mbele ya meza, akiichunga sauti isimuumbue, "umeitoa wapi?"

"Nilipiga hodi, mzee. Siku mbili tofauti, mchana. Kimya. Madirisha ya mbele yamefungwa mpaka buibui wamehamia. Nikamuuliza mwenye duka la pembeni, nikaenda kumuuliza na mama wa ng'ambo ya barabara. Wote wanasema tangu mama mwenye nyumba afariki, hamna mtu. Mashahidi wawili, kama ulivyonifundisha."

Michana hiyo binti alipokuwa anagonga, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti hikihiki, akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi wanachelewesha kazi.

Sheria ya mashahidi aliitunga na mkewe walipoanza. Jambo lolote kuhusu nyumba lazima lithibitishwe na majirani wawili, na mwenye nyumba hahesabiwi, maana kila mwenye nyumba huapa kuwa imejengwa na babu yake hata kama rangi haijakauka. Likisemwa na jirani mmoja tu, linaandikwa kwa "inasemekana". Lisiposemwa na yeyote, linafutwa. Waandishi wazima walishatoka ofisini humo wakifuta machozi kwa ajili ya sheria hiyo. Sheria ni msumeno, mzee alipenda kuwaambia. Siku hiyo meno yalimgeukia yeye.

"Hiyo nyumba ni yangu," alisema. "Nakaa mimi humo."

Binti akashika mdomo. "Mungu wangu! Nisamehe, mzee. Naufuta sasa hivi."

"Usiufute. Mwenye nyumba si shahidi. Kesho kitabu kinakwenda kwa mchapaji, mimi nitaleta mashahidi leo."

Akatoka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Mkewe alipofariki, mzee alianza kuondoka alfajiri kwa mlango wa nyuma na kurudi giza likiingia. Mkate alinunua karibu na ofisi. Alihamia chumba kidogo kilichopakana na jiko, vya mbele akavifunga, kwa sababu kila akiingia humo alijikuta anamwita mkewe, na kuita bila kuitikiwa kulimchosha kuliko kazi yoyote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alianzia duka la pembeni. Mwenye duka, kama yule mama wa ng'ambo, alihamia mtaani baada ya msiba, na habari za marehemu alizisikia tu.

"Samahani, ndugu yangu. Ile nyumba ya madirisha ya kuchonga, kuna mtu anakaa mle?"

"Ile? Achana nayo, mzee. Kama wewe ni dalali, wenzako wamekuja mpaka wamechoka. Haina mtu."

"Mwenyewe ni mimi."

Mwenye duka akamtazama juu mpaka chini, kisha uso ukamchangamka. "Kumbe! Umenunua lini? Karibu sana mtaani, mzee wangu!"

Akatoka nyuma ya meza kuja kumpa mkono, kwa furaha ya kweli kabisa. Hiyo ndiyo iliyomuuma mzee. Angetukanwa, angejua la kujibu. Na ushahidi wa mtu huyo haukufaa kitu, kwa kuwa alilolijua sasa alilipata kinywani mwa mwenye nyumba.

Ng'ambo ya barabara mlango ulifunguliwa na mama aliyembeba mtoto kiunoni. Akamwamkia kwa adabu, akamuuliza anamtafuta nani. Mzee Nukta, ambaye hakuwahi kukosa neno, alisema samahani, amekosea nyumba.

Ikabaki nyumba ya pili kutoka kona, iliyoshikana ukuta na yake. Humo alikaa fundi cherehani, mwanamke wa rika lake, aliyekuwa rafiki wa mkewe. Alikuwa anashona sebuleni, mlango wazi, sindano mbili kazishikilia kwa midomo. Alipomwona akazitema mkononi.

"Shemeji! Leo umekumbuka kwamba nyumba yako ina mlango wa mbele?"

"Unajua kuwa nipo?"

"Nisijue? Alfajiri unakohoa, hapo ndipo na mimi nabandika chai. Usiku unavua viatu. Kimoja, halafu cha pili. Cha pili kikichelewa nasimamisha cherehani, nisikilize kama u mzima."

Mzee akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Alidhani amekuwa peke yake muda wote huo. Alitaka kushukuru, lakini kilichotoka ni lawama.

"Sasa mbona hukuwahi kunigongea?"

"Nilikugongea, shemeji. Baada ya msiba nilikuja, nikapiga hodi nikachoka. Nikakusikia umesimama nyuma ya mlango, unabana pumzi. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikarudi kwangu."

Alikumbuka. Alikuwa kasimama pale kweli, kiganja kwenye komeo, akimwomba aliye nje aondoke. Ombi lake lilikubaliwa, tena na watu wote.

"Kuna mwingine anayejua?" aliuliza polepole.

"Wa upande wa pili walihama. Nani mwingine aliyeshikana ukuta na wewe? Mimi tu." Akaziweka sindano juu ya kitambaa. "Ngoja nikuwekee chai."

"Asante, nina haraka. Kazi inanisubiri," alisema mzee, kwa mazoea tu, na alishafika barabarani alipogundua kwamba alitamani kukaa.

Binti alikuwa bado ofisini.

"Umewapata, mzee?"

"Mmoja."

"Si nihesabu na mimi? Sasa hivi najua kwamba unakaa pale."

"Umejulia wapi?"

"Kwako," alijibu binti, na sauti ikapungua. Alielewa kwamba hiyo haihesabiki.

Mzee akavuta karatasi, akakata ule mstari, akaandika mwingine juu yake kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Desturi ya ofisi ilikuwa kwamba kila sahihisho linasomwa kwa sauti na mtu mwingine kabla ya kwenda kwa mchapaji. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe. Akamsogezea binti karatasi.

"'Inasemekana,'" alisoma binti, "'ndani yake anaishi mtu mmoja.'"

Mzee akangoja. Angebisha kidogo tu yule binti, angesema jamani, mzee, mambo gani haya, wewe si huyu hapa mbele yangu, angelikata neno lile kwa mkono wake mwenyewe na sheria yote angeitupa kapuni. Alimtazama usoni kumpa nafasi.

Lakini binti alikuwa amefundishwa vizuri.

"Iko sawa," alisema, akafunua nyumba inayofuata.