Nipe Mji, Ayeeyo

Siku zile nilikuwa naishi ndani ya ukungu, na wala sikuuchukia. Alfajiri mto Tana ukipumua, mvuke hupanda mpaka uani kwangu hapa Balambala, na mbuzi hutokea mmoja mmoja, weupe, kama wanaota kwamba wanatembea. Mwaka huu waliendelea kutokea hivyo hata mchana. Nikasema, ni msimu tu.

Kichupa changu cha dawa ya presha ya macho kilining'inia kando ya mtungi wa maji, kwenye ubaridi. Ramadhani nzima sikukigusa. Tone la asubuhi lilikuwa likiniachia uchungu kooni, nikaogopea saumu yangu. Nikaacha la asubuhi, kisha nikasahau na la jioni. Jicho lenyewe haliumi. Ningekumbushwa na nini?

Siku ya Idi nilikuwa mkekani na mjukuu wangu Hinda, wa miaka saba, aniitaye Ayeeyo, yaani bibi kwa Kisomali. Nikamtegea kitendawili. Nikamtafuta kwa macho, simwoni.

"Huyu mtoto amekwenda wapi?"

"Ayeeyo, niko hapa! Nimekunyooshea halwa mpaka mkono umechoka!"

Alikuwa kushoto kwangu, karibu kunigusa. Nikageuza kichwa chote ndipo akatokea, kama wale mbuzi. Huyu ningempoteza hivihivi, amekaa kando yangu?

Tukaenda Garissa. Anab, muuguzi wa macho, alinipima.

"Ayeeyo, uliacha dawa?"

"Nilikuwa nimefunga, mwanangu."

"Na sambusa za usiku, nazo ulizifunga?"

Hinda akacheka. Mimi nikatazama sakafu.

Akanieleza kwamba maji ya ndani ya jicho langu hayapati njia nzuri ya kutoka, yanausonga mshipa wa kuona, nao unakufa polepole, kuanzia pembeni. "Kilichokwenda hakirudi. Tutalinda kilichobaki, kila siku, maisha yako yote. Ukifunga, tia moja wakati wa daku, jingine ukishafuturu. Halafu fumba jicho, bonyeza hapa kwenye kona, karibu na pua, dakika mbili. Dawa itabaki jichoni, haitashuka kooni."

"Dakika mbili nitazijuaje? Mishale ya saa siioni."

"Mimi nitakuhesabia," Hinda akasema.

Lakini kuhesabu kulimchosha siku ya pili tu. Sasa jioni ananitilia tone, nafumba macho, nabonyeza, naye anaanza.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba ina madirisha mawili, kuta zake zinasogea, mwenyewe hasikii."

Jibu ninalo, ni haya macho yangu. Nalificha.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji!"

"Chukua Garissa."

"Sitaki, nimeshafika."

"Chukua Griftu, ina soko la ngamia."

"Ngamia wananuka!"

"Basi Hadado."

Gizani nyuma ya kope miji inapita, na mifugo yake, na vumbi lake jekundu, mpaka akubali mmoja. Hapo dakika zimetimia. Hukaa kushoto kwangu makusudi, mtundu huyu. Nafumbua, nageuza kichwa taratibu, taratibu, mpaka anatokea: sikio, shavu, pengo la meno.

Yupo, mzima wote.