Ubishi wa Hezi Sitini

Mchomeleaji alikuwa na ubishi wa miaka mitatu na dada yake, na dada alifariki kabla ubishi haujaisha.

Ulikuwa ubishi wa skrini. Kila Jumapili, ibada ikiisha, dada alikuja chumbani kwake, akavua viatu, akakalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, wakacheza gemu la mbio za magari kwenye kompyuta ya zamani mpaka saa kumi na moja. Skrini yao ilikuwa ya hezi sitini, yaani inabadilisha picha mara sitini kwa sekunde, na pembeni ilikuwa na mstari wa waridi ambao wote wawili walishauzoea. Dada alitaka wachange wanunue ya mia na arobaini na nne. Alikuwa mshonaji kiwandani, siku nzima macho yakiwa kwenye sindano, na alidai kwamba gari likikata kona picha inaruka.

"Jicho la binadamu haliwezi kuona zaidi ya sitini," mchomeleaji alimwambia. "Nilisoma."

"Ulisoma wapi?"

"Nilisoma tu."

"Ya sitini ni ya kusomea barua ya kufukuzwa kazi, mdogo wangu. Na macho yako yameshachomwa na moto wa vyuma, usiwasemee wenye macho."

Hata hivyo walichanga, kila mmoja chake, dada akawa mtunza kopo la pesa. Kopo lilikuwa halijajaa alipougua tumbo. Aliugua wiki mbili tu.

Msibani mchomeleaji alifanya kila kitu. Alikodi viti, alipanga turubai, alishika kamba upande wa kichwa wakati wa kumshusha. Hakulia. Shangazi yake, mtu wa kusema alichonacho, alimtazama na kunong'ona kwa sauti ya kutosha watu wanne: "Huyu moyo wake nao kauchomelea." Jumatatu alirudi kazini, akakata nondo za madirisha, akalipwa, akala, akalala. Miezi minne ikapita hivyo. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda kama alivyozoea, na maneno ya sala yalitoka moja nyuma ya jingine kama watu waliopanga foleni, hakuna anayemjua mwenzake. Hakuomba furaha. Alimwomba Mungu ampe kitu kimuume, basi, ajue kama bado yumo ndani.

Siku moja mume wa dada alikuja kwenye karakana na kopo mkononi. Alisubiri mashine ya kusaga vyuma inyamaze.

"Shemeji, hili lilikuwa kabatini. Nimelijazia kidogo. Kanunue ile aliyoitaka."

"Za nini sasa, shemeji?"

"Kanunue. Halafu uniambie kama alikuwa anasema kweli. Alinisumbua na habari za hezi mpaka mezani, na mimi sijui hata kuwasha hiyo kompyuta yenu."

Mchomeleaji akalipokea. Moyoni aliweka sharti, na sharti lenyewe lilikuwa baya. Akikaa mbele ya skrini ya dada na bado asihisi chochote, atairudisha, atauza kompyuta, na Jumapili zitakuwa siku kama nyingine.

Mwenye duka la kompyuta aliitwa Bi Waya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta shingoni hana waya. Alimsimamisha mbele ya skrini tatu.

"Sitini, sabini na tano, mia na arobaini na nne," alisema, akizigonga vichwa kama watoto. "Za juu zaidi zipo, ila hizo mimi na wewe tuzitazame kama picha za harusi tusizoalikwa."

"Hii ya sabini na tano inafaa?"

"Inafaa. Na chenji inabaki."

Chenji hiyo aliiwaza. Kofia yake ya kuchomelea ilikuwa na kioo chenye ufa, na kila jioni macho yalimwasha kama yenye mchanga. Sabini na tano na kofia mpya: mtu mwenye akili timamu angechukua hivyo. Alisimama muda mrefu mpaka Bi Waya akahudumia wateja wawili. Kisha akasema, "Nipe ile kubwa," kwa sauti ya mtu anayeagiza misumari.

"Una siku saba za kubadili mawazo," Bi Waya alimwambia. "Boksi lisichanike."

Nyumbani alichomeka waya, akakalia kitanda. Mstari wa waridi haukuwapo. Picha ilikuwa pana. Aliendesha mizunguko kumi na miwili, na gari lilikata kona vilevile lilivyokata siku zote. Alisubiri. Jumanne alijaribu tena, Jumatano akajaribu na taa imezimwa. Hakuna. Alitazama kona ile ikija na kupita kama alivyolitazama kaburi, na hakujua kilichokufa ni macho au ni kingine.

Alhamisi mume wa dada alipiga simu.

"Vipi, shemeji, umeiona?"

"Nimeiona," mchomeleaji alijibu bila kupepesa macho. "Ni nzuri sana. Kama alivyosema."

"Asante. Nimefurahi, shemeji. Kweli nimefurahi."

Kesho yake asubuhi hakupiga magoti. Aliona haya kumkabili Mungu akiwa ametoka kumdanganya mjane mwanamume.

Jumamosi, siku ya sita, alibeba boksi bega moja na kompyuta bega jingine. Bi Waya alikuwa na utaratibu wake: hapokei skrini iliyorudishwa mpaka aione ikiwa imechomekwa kwenye mashine iliyotumika nayo. "Mgonjwa aje na aliyelala naye," alipenda kusema.

"Ina tatizo gani?"

"Haina. Mimi ndiye sioni tofauti."

Bi Waya akaunganisha juu ya kaunta, akashika kipanya, akabonyeza mara tatu au nne. Akainamia kioo.

"Kaka yangu, hii umeiweka sitini."

"Sijaiweka popote. Nilichomeka tu."

"Ndiyo hivyo sasa. Ukichomeka tu, kompyuta haijui kama umehama nyumba. Inaendelea na sitini yake ya zamani mpaka uingie kwenye mipangilio uiambie. Nusu ya wateja wangu wanafanya hivi. Wananirudia mwezi mzima kunishukuru, wananiambia picha ni laini kama maziwa."

"Wanaona tofauti wakati ipo sitini?"

"Wanaona pesa yao."

Akabonyeza mahali, akachagua mia na arobaini na nne. Skrini ikawa nyeusi kwa sekunde moja, ikarudi. "Haya, sogeza."

Mchomeleaji alisogeza kipanya. Mshale ulipita kutoka kona hadi kona bila kuruka, kama roda ya geti iliyotiwa grisi. Akafungua gemu. Bi Waya akasogeza boksi la chaja ampishe kiti. Kona ikaja, ile ile, na safari hii aliona kila mstari mwekundu na mweupe wa ukingo ukimpita, mmoja mmoja. Akagonga ukingo, kwa maana kuona si kuendesha. Akarudia. Hakuhitaji kurudia mara ya tatu.

"Unaona?"

"Naona."

Aliona, na macho yake yalikuwa mazima siku zote. Dada alikuwa anasema kweli. Kwa miaka mitatu alikaa kwenye ndoo akieleza kitu kilichokuwapo, na mdogo wake akimjibu kwa kitabu ambacho hakukisoma. Mchomeleaji aliachia kipanya, akatoa simu, akampigia mume wa dada palepale kwenye kaunta.

"Shemeji, juzi nilikudanganya. Sikuwa nimeona kitu, niliichomeka vibaya. Ndiyo kwanza naona sasa."

"Kwa hiyo?"

"Alikuwa anasema kweli."

"Nilijua," mume wa dada alisema taratibu. "Yule hakuwa mtu wa kuongeza maneno."

"Shemeji. Jumapili ile ya mwisho aliniambia tumbo linamkata. Nikamwambia anatafuta kisingizio kwa kuwa anashindwa. Tukacheza mpaka saa kumi na moja."

Nje mtu alikuwa anarudisha gari nyuma, na mwingine akimwelekeza, njoo, njoo, njoo.

"Mimi aliniambia Ijumaa, kabla yako," mume wa dada alisema hatimaye. "Nikampa dawa ya minyoo."

Chini ya mbavu za mchomeleaji kitu kilichoma, kidogo tu, mfano wa cheche inapoingia ndani ya kiatu mtu akiwa katikati ya kazi na mikono haina nafasi. Hakujikuna. Alikiacha kichome. Kilikuwa kidogo kuliko alichoomba, lakini kilikuwa chake, akasema "Asante" kwa sauti ya chini, na mume wa dada akadhani ameambiwa yeye.

"Asante ya nini, shemeji?"

"Nitakwambia. Kesho baada ya ibada uko wapi?"

"Nyumbani. Niko wapi kwingine."

"Njoo kwangu."

"Sijui kucheza mimi."

"Hata mimi sijui. Aliyekuwa anajua ni yeye."

Bi Waya alikuwa amesimama na utepe wa gundi wa kufungia boksi mkononi, akisubiri.

"Inabaki au inaondoka?"

"Inaondoka na mimi," mchomeleaji alisema, akainama kutafuta waya wa umeme ulipoishia.