Kichupa cha Maji Matupu

Katika maabara yetu ya magonjwa ya mifugo kuna vyumba vitatu, na mtu huvipita kwa mwelekeo mmoja tu, bila kurudi nyuma. Cha kwanza ni cha kuchanganyia dawa za kupimia, nacho ndicho kisafi kupita vyote. Cha pili ni cha kufungulia sampuli: damu, kamasi, vipande vya wengu. Cha tatu kina mashine inayozidisha vinasaba vya kirusi, kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, mpaka chembe chache zilizojificha kwenye damu ya mnyama zionekane. Ukishaingia cha tatu, siku hiyo huruhusiwi kurudi cha kwanza. Ukirudi, utarudi na kirusi kwenye mkono wa koti, nawe huna habari.

Sheria hiyo nimewafundisha watu wengi. Mwenyewe sikuifuata.

Niliajiriwa pale kufagia mabanda ya sungura. Jioni nilisoma shule ya watu wazima, miaka saba, nikafaulu hesabu na baiolojia nikiwa tayari nina mjukuu. Wakanipa koti jeupe. Mkono wangu ulikuwa hautetemeki, na wenzangu wakanibandika jina la Fundi Tone, kwa kuwa niliweza kudondosha tone dogo kuliko kichwa cha sindano bila kukosea. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyoonyesha.

Nilikuwa na pipeti yangu ya zamani, kile kifaa cha kunyonyea matone, iliyokwisha kugeuka njano kwa vidole vyangu. Kila chumba kilikuwa na pipeti zake zenye utepe wa rangi, na hazikutakiwa kutoka. Yangu haikuwa na utepe. Makoti nilibadilisha mlangoni kama watu wote, lakini pipeti niliitoa mfuko huu nikaitia mfuko ule.

Daktari wetu, mkuu wa kitengo, ni binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Siku moja aliniuliza mbele ya watu, "Mzee, hiyo pipeti ni ya chumba gani?"

Nikapiga mfuko wa kifuani. "Ya chumba hiki."

Wote wakacheka, na yeye akacheka, halafu akaliacha hapo. Alinistahi. Nami nikaichukua ile heshima nikaifanya kibali.

Sasa, Jumatatu moja niliitumia pipeti ile chumba cha tatu, kuzimua kirusi tunachokiweka kama mfano wa kulinganishia. Jumanne asubuhi nikaingia nayo chumba cha kwanza. Zilikuwa zimeletwa damu za nguruwe wanane kutoka zizi moja lenye nguruwe kumi na tisa. Vitoto viwili vilikuwa vimekufa, na watu walihofia homa ya nguruwe ya Kiafrika, ambayo haina dawa wala chanjo. Ikithibitishwa, zizi zima linauawa na kufukiwa.

Katika kila kazi tunaweka kichupa kimoja cha maji matupu. Tunakiita shahidi. Shahidi akikaa kimya, majibu yanaaminika. Akisema kirusi kipo, basi uchafu umetoka kwetu, si kwa mnyama, na kazi yote inamwagwa na kuanzwa upya.

Mchana mashine ilichora mistari minane ya nguruwe, yote ikipanda kwa kuchelewa, kwenye mzunguko wa thelathini na tano wa kuzidisha, yote pamoja kama askari wa gwaride. Na shahidi akapanda nayo bega kwa bega.

Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua maana yake. Mimi nilijua kabla sijavaa miwani. Nilisimama pale, pipeti ikinilemea kifuani, nikawaza kwamba nikisema leo, kesho yule binti ataifungia kabatini, na mafundi wadogo watasema Fundi Tone amezeeka.

Simu ikalia. Daktari alikuwa mkutanoni makao makuu.

"Mzee, vipi nguruwe?"

"Kirusi kipo. Wote wanane."

"Mungu wangu. Na shahidi?"

"Safi," nikasema.

"Basi yapitishe majibu kwa jina langu. Kwako sina wasiwasi."

Usiku ule nililala. Naliandika hili kwa sababu wengi husema hawakupata usingizi. Mimi nilipata.

Asubuhi iliyofuata mlinzi aliniita getini kwamba nina mgeni. Kwenye benchi alikaa mwanamke mwenye buti za mpira na kanga kichwani, na nilimtambua kabla hajageuka. Tulikaa dawati moja miaka mitatu katika shule ya watu wazima, sisi wawili tukiwa wakubwa kuliko mwalimu. Darasa lilituita Babu na Bibi. Baadaye alisoma vitabu vya ufugaji, akaanza na jike mmoja.

"Kaka," alisema, "kumbe bado upo, na koti linakukaa kama bwana harusi."

"Dada, vipi hapa asubuhi hii?"

"Nimewakimbia wauaji wa nguruwe wangu."

Sikuwa nimesoma jina la mfugaji kwenye fomu. Sisi husoma namba.

"Jana nimegombana na bwana mifugo mpaka sauti imenikauka," aliendelea. "Nikamwambia nguruwe wangu wanakula vizuri, wanapigana vizuri, wana homa gani hiyo? Vile vitoto viwili vililaliwa na mama yao. Nikamuuliza, aliyepima ni nani? Akasema, ni yule mzee aliyesoma shule ya watu wazima, wanayemwita Fundi Tone. Nikachoka hapo hapo. Nikamwambia, kama ni huyo, chimbeni shimo. Huyo hakosei. Huyo alikuwa anafuta jibu sahihi ili aliandike kwa mwandiko mzuri zaidi."

Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Walisema wataanza saa tatu. Sikutaka kusikia, ndiyo nimekuja nikae kwa mtu wangu."

Niliangalia saa ya mlinzi. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

"Pole, dada," nikasema.

Hilo ndilo neno nililolitoa. Kisha nikaingia ndani, na hata sasa siwezi kueleza kwa nini nilipita kwanza kunawa mikono. Nilinawa kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, kama tulivyofundishwa. Halafu nikagonga mlango wa daktari.

"Shahidi alipanda," nikasema. "Jana. Nilikudanganya."

Hakuuliza mara mbili. Alishika simu akampigia bwana mifugo; ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mtu nilisikia nguruwe.

"Simamisha!" daktari alipiga kelele. "Nimesema simamisha! Wamebaki wangapi?"

Akasikiliza, akaweka simu chini. "Saba wamekwisha kufa. Kumi na wawili wameachwa mpaka nipime upya." Akaifungua kompyuta yake na kuutazama ule mchoro. Nilitegemea anitukane, ningemshukuru. "Na mimi nimeruhusu jina langu litumike bila kuuangalia," alisema. "Nipe hiyo pipeti."

Nikampa. Akaitia kwenye mfuko wa taka za hatari, akaufunga.

"Nakwenda kupima mwenyewe. Wewe nenda kamwambie yule mama."

Kutoka pale mpaka getini ni hatua zisizozidi mia. Alikuwa bado benchini, akiongea na mlinzi. Nikamwambia yote, nimesimama, bila kupamba.

Mlinzi akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Uliponiambia pole," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Miaka mitatu ulinisahihishia makosa kwa kalamu nyekundu kwenye daftari langu, darasa zima linaona. Niliona haya? Niliona sana. Nilikufa?" Akainuka. "Ungesema tu umekosea, kaka. Nguruwe saba! Ungesema tu."

Akaondoka bila kuaga.

Saa tisa majibu mapya yakatoka. Nilichungulia kupitia kioo, kwa kuwa sikuruhusiwa kuingia. Mistari minane ilikuwa imelala chini kabisa, na shahidi alikuwa kimya. Daktari akapiga muhuri kwenye karatasi, akaniuliza kama ampe dereva aipeleke. Nikasema nitaipeleka mimi.

Kwa yule dada nilikuta shimo liko wazi nyuma ya banda, limemwagiwa chokaa. Wale kumi na wawili walikuwa wamejibana pembeni, hawakusogelea chakula. Majirani walisimama ng'ambo ya uzio, vitambaa puani. Mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba asinunue kitu tena katika nyumba ile, hata yai.

Nikamnyooshea mwenzangu wa dawati karatasi kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Hiyo ya nini? Hawa wataisoma?" Akawaonyesha watu kwa kidevu. "Tangu jana wananiita Mama Ukoma. Waambie."

"Dada, daktari atatoa tangazo rasmi..."

"Daktari hakunidanganya. Waambie wewe."

Nikageukia uzio. Nimesoma hotuba shuleni, nimetunukiwa vyeti mbele ya wakubwa, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu. Nikasema nguruwe wa mama huyu hawakuwa na ugonjwa. Nikasema kipimo kilichafuka mkononi mwangu.

"Hawakusikii kule nyuma," alisema. "Na hujamaliza."

Nikapandisha sauti. Nikasema nililiona kosa siku ile ile, nikalificha, nikasema uongo, na hawa saba wamekufa kwa ajili hiyo. Mtu mmoja akatoa kitambaa puani.

"Nani huyo?" mwanamke aliyekuja amechelewa akauliza.

"Fundi wa maabara," mwenzangu alijibu. Hakusema kaka. Akaninyooshea mkono kama mwalimu anayemwinua mwanafunzi. "Anza mwanzo, huyu hajasikia."

Nikavua kofia, nikaanza mwanzo.