Waliobaki Chini ya Mlima

Bi Mwanamize alikuwa na ugomvi na mkwewe, na mkwewe mwenyewe hana habari. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa sahani. Kila alipokwenda Perry Barr, upande wa pili wa mji wao wa ughaibuni, kumtembelea Asmahan, binti yake wa pekee, chakula kikishatandikwa mkwewe huyo, Kullow, huchota chake, akainama kidogo, akasema, "Karibu, Mama," kisha akaenda kula jikoni na mlango akaurudisha nyuma yake. Miaka kumi ya ndoa! Salamu anatoa, tena kwa adabu, macho chini. Zaidi ya hapo, maneno yote aliyowahi kumwambia mama mkwe wake yangefungika kwenye pindo la kanga, na pindo likabaki.

"Kwani mie nanuka?" Mwanamize alikuwa akijiuliza ndani ya basi, akirudi kwake Sparkhill.

Kullow alikuwa Msomali aliyelelewa Garissa, fundi wa magari mwenye gereji ndogo Saltley, mrefu, mpole, mwenye goti bovu tangu gari lilipomchomokea kwenye jeki. Alipokuja kuposa, mashoga wa Mwanamize wa Stratford Road walinong'ona hili na lile, na yeye akawajibu kwamba mtu ni dini na tabia. Sasa tabia ndiyo hiyo, ya kukimbia na sahani.

Lingekuwa jambo la kuchekwa likaisha, kama si ngazi. Tangu mumewe, Mzee Jaffar, alipofariki, Mwanamize aliishi peke yake katika nyumba nyembamba yenye ngazi zilizosimama wima, na kipupwe cha mwaka uliopita aliteleza akakaa chini ya ngazi hizo mpaka jirani yake Vidya alipomsikia kupitia ukutani. Asmahan akaanza: "Mama, hamia kwetu." Akasema tena na tena. Mwanamize hujibu inshallah, na moyoni akasema: nyumba ina mwenyewe. Binti anaweza kumkaribisha mamake chai. Kumkaribisha ahamie ni neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba hajafungua kinywa.

Kwa hiyo alikwisha kumpigia simu kaka yake Yasir, Unguja, amtayarishie chumba. Hakumwambia mtu mwingine. Alijiwekea ahadi: ikifika mwisho wa Februari Kullow hajasema, anarudi kwao. Mjukuu wake Aida atakuwa anamsikia kwenye simu tu. Hilo lilimuuma mpaka akawa halifikirii ila akiwa anakata vitunguu, apate kisingizio.

Safari ya milimani aliitiwa na huyo huyo Aida. Mtoto na mamake walikuwa wamejifunza kuteleza kwenye theluji kule Tamworth, ndani ya ukumbi, wakarukwa na akili. Likizo ya shule ya Februari wakataka theluji ya kweli, Austria.

"Bibi, you have to come!"

"Mie na mifupa hii niende nikavunjikie ugenini?"

"Hu-ski, Mama," Asmahan akasema. "Wewe utakaa tu, utaona milima."

Mtoto akamkumbatia kiunoni. Nani atamkatalia mtoto aliyemkumbatia kiunoni? Akaenda.

Asubuhi ya kwanza, Asmahan na Aida walivaa viatu vigumu kama vya chuma, wakatoka wakiyumba kama mabata, wakapunga mikono, wakapotelea mlimani. Hapo ndipo Mwanamize alipouona mtego. Waliobaki chini ni wawili: yeye na Kullow, aliyekatazwa na goti lake. Wakakaa kwenye ukumbi wa hoteli, huyu dirisha hili, yule dirisha lile, na katikati yao viti vitupu vya kutosha kuandaa maulidi. Kullow alilisoma gazeti la Kijerumani kwa makini sana. Kijerumani hakijui hata neno moja.

Msichana wa mapokezi akawaonea huruma. Akaja kuwaeleza kwamba wasioteleza nao hawakuachwa: kuna kutembea msituni kwa viatu vipana kama nyungo, kuna kijumba kinachopanda kwa kamba mpaka mkahawani juu, kuna ziwa lililoganda ambalo watu hulizunguka kwa miguu, na kuna gari la farasi la theluji.

"Nyungo ni za kupetea mchele," Mwanamize akasema kwa Kiswahili, "si za kuvaa miguuni."

Kullow akakohoa. "Mama ataenda na farasi," akaiambia sakafu, akatoka kwenda kupanga.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwamulia jambo, na Mwanamize, ingawa hakutaka kujionyesha, alifurahi. Akavaa baibui juu ya koti, na koti juu ya sweta mbili, akatoka akiwa mnene kama gunia la karafuu.

Gari lenyewe halikuwa na magurudumu. Lilikuwa na vyuma viwili vilivyopinda kama miguu ya kiti cha bembea, mbele benchi la dereva, nyuma kiti cha watu wawili, na blanketi moja. Moja! Dereva, mzee wa masharubu, akamfunika Mwanamize mpaka kifuani, kisha akaliinua lile blanketi upande wa pili, akimwonyesha Kullow apande, aingie.

Kullow akarudi nyuma kama aliyefunguliwa mlango wa tanuri.

"Hapana, hapana. Mimi nitatembea, Mama. Nitakuja nyuma."

"Na goti?"

"Goti iko sawa."

Basi farasi wakaondoka, kengele zikilia shingoni mwao, na Mwanamize akaondoka na hasira zake. Miti ilikuwa imebeba theluji mpaka matawi yameinama, mto unapita mweusi katikati ya weupe wote ule, na hewa ni safi hata inauma puani. Mahali pa kumshukuru Mungu. Yeye anahesabu madhambi ya mkwewe. Hata blanketi, alisema moyoni. Hata blanketi anaona taabu. Chumba cha Yasir kipakwe rangi upesi.

Akageuka amtazame, ili hasira ipate kuni. Kullow alikuwa nyuma, mikono mifukoni, anachechemea. Farasi wakaingia kilimani na yeye akaingia kilimani. Akateleza, akaangukia lile lile goti bovu, akabaki hivyo kitambo, kichwa chini. Kisha akainuka, akajipangusa, na alipoona anatazamwa akainamisha macho na kupunga mkono, kwamba hapana neno, nendeni tu.

Kuna kitu hapo kilikataa kuingia katika hasira ya Mwanamize. Mtu akikuchukia atakupandisha gari, akarudi zake hotelini kunywa kahawa. Hakufuati nyuma kwa mguu mbovu.

Akampiga dereva begani. "Stop! Stop, baba!"

Akashuka mwenyewe, theluji ikammeza mpaka magotini, akasimama pale pale kwa sababu hakuweza kwenda mbele wala nyuma. Kullow akaja mbio za kuchechemea, akidhani kuna maafa.

"Kullow," alisema. Siku zote humwita Baba Aida. "Nimekukosea nini?"

"Mama?"

"Miaka kumi wanikimbia. Nikikaa kula, watoka. Nikiingia, wasimama. Leo waona bora uvunjike mguu kuliko kukaa ubavuni pangu. Nambie. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Kullow akavua kofia, kwa baridi ile, akaishika kifuani.

"Wallahi, Mama, hujanikosea. Wewe ni mama ya mke wangu. Kwetu mtu hakai na mama mkwe hivi hivi, hakuli mbele yake. Mjomba wangu Sugow, akiona mama mkwe anakuja kwa barabara, anaingia duka yoyote iko karibu, anajifanya ananunua, mpaka apite. Siku moja alirudi nyumbani na kamba ya ngamia. Na hana ngamia." Akapumua. "Mimi nilifunzwa hivyo. Sasa tukae blanketi moja? Hiyo aibu nitapeleka wapi?"

Mwanamize alimtazama. Haya ya ukwe aliijua; nani Mswahili asiyeijua? Jaffar wake mwenyewe, alipooa, alikuwa akimsikia mama mkwe anapiga hodi, yeye hutokea mlango wa uani. Lakini alipozaliwa mtoto wa kwanza ile haya ililainika, na mwisho wake Jaffar alikuwa akimwomba bibi yule amwongezee mchuzi, na wakataniana.

"Kwetu haya hiyo huisha mtoto akizaliwa," alisema polepole. "Aida ana miaka tisa. Mie nimekaa naisubiri iishe."

"Kwetu haiishi, Mama. Inazidi."

Mwanamize akacheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka, na Kullow, akiwa hajui kama anachekwa au anasamehewa, akatabasamu na kofia yake. Fundo lilikuwa limebaki moja, nalo ndilo lenyewe.

"Na nyumba je? Asmahan aniambia nihamie. Wewe hujanambia neno."

"Ile ni maneno yangu!" Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, kwa mshangao. "Mimi ndiyo namtuma. Kila Ijumaa namuuliza, Mama amesema nini? Ananiambia, amesema inshallah. Mimi ni nani nisimame nikwambie wewe, hama? Mtu anaamrisha mama yake? Ile room ya chini nimeweka bafu tangu Ramadhani. Hakuna ngazi hata moja."

Mwanamize aliujua mlango wa chumba hicho. Kila akija huukuta umefungwa, akadhani ni stoo ya spana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mshindo wenyewe ukampata katikati ya theluji, hana pa kukaa. Kumbe wakati yeye anamwagiza Yasir rangi ya chumba, mwenzake alikuwa amepiga magoti sakafuni, goti lile bovu, anamfungia mabomba.

"Nisamehe," akasema. "Lakini mie nataka kulisikia kwako. Kwetu neno la kumkaribisha mtu nyumbani hutoka kwa mwenye nyumba."

Kullow akairudisha kofia kichwani. Akawatazama farasi. Mwishowe akageuka, akampa mgongo, na ule mlima mzima mbele yake ndio aliouambia:

"Mama, njoo ukae kwetu. Usirudi kwa ile ngazi. Nakuomba."

Mwanamize alilia bila ya kujificha, machozi yakimpoa shavuni.

"Nimekubali, mwanangu," akaujibu mgongo.

Blanketi likabaki tatizo. Mwanamize ndiye aliyelitatua: Kullow apande mbele, benchi la dereva, ampe mgongo, goti lipumzike na heshima isiguswe. Wakaenda hivyo mpaka ziwani. Na huyo mtu wa maneno machache, macho yake yakiwa kwenye masikio ya farasi, alizungumza njia nzima.

Mwezi wa tatu Kullow akamhamisha mwenyewe kwa gari la gereji. Yasir aliambiwa chumba akipangishe. Jioni ya kwanza Perry Barr, Mwanamize alipika samaki wa nazi, Asmahan akatandika, wakakaa. Kullow akachota chake, akainama kidogo.

"Karibu, Mama." Akaelekea jikoni.

"Baba Aida, jamani!" Asmahan akafoka. "Hata leo?"

"Mwache," Mwanamize alisema. Akainuka na mnofu mkubwa kuliko yote, akamfuata, akamwekea juu ya wali wake bila ya kumtazama. "Mlango tu usiurudishe."

Mlango ukabaki wazi. Baada ya tonge mbili tatu sauti ikaanza kutoka jikoni, taratibu, ikimsimulia Aida habari za mjomba Sugow na kamba ya ngamia, na mtoto akawa hali kwa kucheka. Mwanamize akakisogeza kiti chake mpaka karibu na mlango, akaupa mgongo, akaendelea kula.