Bastola ya Oleta

Delmer Stidham alikuwa ameshavua kofia kwenye mlango wa jengo la kaunti pale lango la ukaguzi lilipolia. Akashtuka yeye mwenyewe. Mtu anayetembea na bastola kila siku ya Mungu hasahau kuivaa. Husahau kuivua.

"Una nini mfukoni, mzee?" askari akamuuliza. Alikuwa mgeni, ameletwa kutoka ng'ambo ya mlima.

"Lo! Kumbe ninayo."

Ilikuwa bastola ndogo ya silinda, aina ya magnum, ya risasi tano. Inajificha kiganjani kama kipande cha sabuni, lakini ukiifyatua inapiga teke kama nyumbu. Delmer alimnunulia mkewe Oleta ya kuulia nyoka wa bustanini. Oleta aliipiga mara moja, akapuliza kiganja, akasema, "Hii upige wewe na ukoo wako!" Tangu hapo akawa anaitia risasi zile fupi, zisizo na teke kali, na Delmer akimcheka. Sasa Oleta yuko kaburini, na risasi zilizomo ni zilezile alizozitia yeye.

"Siwezi kukushikia, sheria hairuhusu," askari alisema. "Fanya kama wenzako, mwachie mkeo kwenye gari."

Delmer akageuka, akatoka. Ndivyo ilivyo huku milimani: mume anaingia kwenye ofisi za serikali, mke anabaki kwenye pikapu na bastola chini ya mkoba, redio inaimba. Oleta alimngoja hivyo maisha yake yote. Kisha wakubwa wa kaunti, ambao wao hawaugulii huku, wakaifunga stesheni ya gari la wagonjwa eti inakula fedha. Moyo wa Oleta ulipomgomea, gari lilitoka kaunti ya jirani, likamkuta ameshapoa. Leo wakubwa hao walikuwa wanawasikiliza wananchi, na mlango ukifungwa ndio basi. Delmer alikuwa amekariri maneno yake jikoni wiki nzima, akilihutubia jiko.

Akafika kwenye pikapu. Kioo cha upande wa Oleta hakipandi, yeyote apitaye angeingiza mkono. Akatafuta kichwani jina la mtu wa kumwachia. Wenzake wa mgodini walishazikwa, watoto wako Ohio. Akatia ufunguo arudi zake nyumbani.

"We Delmer! Unakimbilia wapi na hujawatukana bado?"

Alikuwa Wanetta Fugate, kwenye pikapu ya pembeni, akimngoja mumewe Arlis na kutafuna karanga.

"Sina wa kumwachia hii."

"Si ulete! Ya Arlis ninayo hapa mapajani. Moja zaidi itanivunja mguu?"

Delmer alisita, kisha akampa kupitia dirishani. "Usizitoe risasi. Alizitia Oleta."

Wanetta akaacha kutafuna. "Sizigusi, kaka. Nenda."

Akawahi. Aliposimama mbele yao alisema, "Mke wangu alingoja," halafu yale mengine yote yakayeyuka. Akarudia, "Alingoja." Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani.

"Asante, bwana Stidham. Anayefuata."

Nje, Wanetta alimrudishia bastola imefungwa kwenye leso. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema anayefuata."

"Mbwa hao," alisema Wanetta, na hapo Arlis akatokea, akanyoosha mkono bila hata kutazama, naye akamtilia bastola yake kiganjani. "Maharage yako jikoni?" Arlis aliuliza. "Yako, na mkate wa mahindi, na mdomo wako mrefu pia uko," Wanetta akajibu. Wakaondoka wakibishana.

Delmer aliingia kwenye pikapu yake. Hakuirudisha bastola mfukoni, aliiweka kwenye kiti cha Oleta, juu ya leso ya watu ambayo atalazimika kuirudisha. Akafungua redio. Akabaki hapo, injini imezimwa, macho kwenye mlango wa jengo, kama mtu anayemngoja mwenzake atoke.