Gitaa la Rangi ya Trekta

Watu wa Kinole, huko mlimani juu ya Morogoro, walishamzoea Chausiku na Zambia yake. Ukimkuta barazani anachambua karafuu, ukamwulizia baba yake, Abdulatif, atakwambia yuko Zambia, kwa sauti ileile ambayo wewe ungesema baba kaenda msikitini, anarudi sasa hivi. Karibu miaka arobaini hiyo, na mwenyewe mtu mzima, mama wa watoto watatu. Wenye midomo yao walisema huyo baba alishawasahau zamani. Chausiku akiwasikia aliwapa vidonge vyao, tena bila maji.

Abdulatif alikuwa mpiga besi wa Mindu Jazz, bendi ya tajiri mmoja wa Morogoro mjini. Enzi hizo vyombo vyote vilikuwa mali ya tajiri. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake tu, na siku akihama aliondoka navyo hivyohivyo. Bendi ikaenda kupiga Zambia, ikarudi bila Abdulatif na bila gitaa la besi. Wenzake wakasema kabaki huko. Tajiri akasema kaibiwa, na huyo mwizi akimtia machoni atamfunga. Chausiku alikuwa na miaka sita. Mama yake, Bi Hafidha, alikataa katakata kuolewa tena. Talaka hajapewa, alisema, na msiba hajaletewa, sasa aolewe kama nani?

Nyumbani ilibaki picha moja. Abdulatif kakaa kwenye kiti, besi mapajani, na ubavuni kasimama mtoto wa kike kaishika shingo ya gitaa. Vidole vyake havijaizunguka hata nusu. Mtoto huyo ni Chausiku.

Kila aliposhuka mjini kupeleka mdalasini na iliki, alipitia duka la Nilesh. Nilesh aliuza redio na spika, na kwa kazi aliyorithi kwa baba yake alitengeneza magitaa pia. Chausiku alikuwa anamwonyesha picha na kumwuliza kama gitaa la namna hiyo limepita mikononi mwake. "Bado, dada," Nilesh alikuwa anajibu, na wala hakuwahi kumcheka. Sasa Jumatano moja Nilesh akapiga simu mwenyewe. "Bi Chausiku, njoo na ile picha yako."

Usingizi uliruka. Hakumwambia mama yake kitu. Asubuhi alivaa dera jipya, akajipaka na manukato, utadhani anakwenda stendi kumpokea mtu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Gitaa limerudi, maana yake kuna aliyelirudisha, na aliyelirudisha anajua alikomwacha mzee. Hata kama mzee hajiwezi tena, watamfuata. Atauza karafuu yote ya mwaka huu, atamfuata.

Alipoliona gitaa juu ya kaunta, moyo ulimshuka. Lilikuwa na rangi ya buluu, ile ya matrekta, imepakwa kwa brashi ya ukutani. Kichwa kimekatwa kikabaki kifupi. Vitufe viwili ni vya redio.

"Hili?" alisema. "Umeniteremsha mlima mzima kwa hili?"

"Umeteremka mwenyewe kwa miguu yako. Kaa kwanza, chai inakuja."

Nilesh akamweleza. Yupo mtu Dar anayekusanya vyombo vya bendi za zamani. Gitaa kama hili, lingekuwa lilivyotoka kiwandani, mwenye nalo angerudi kwao tajiri. Hivi lilivyo ni ubao. Thamani iliyobaki ni moja tu, lilipigwa na nani. Mnunuzi anataka jina, na jina liwe na ushahidi.

"Ushahidi uko kwenye mkoba wako," Nilesh alisema. "Ukisema ni la baba yako, lina bei. Ukisema si lake, kijana wa watu analirudisha kwao Dakawa."

"Kijana gani?"

"Luqmani. Ndiye aliyelileta. Anakuja baada ya adhuhuri."

Dakawa ni hapo karibu tu na mji, lakini Chausiku akajiambia si ajabu. Vitu vinauzwa, vinatembea. Lingeweza kutoka Zambia likapita mikono hata kumi.

Wakaiweka picha pembeni, Nilesh akachukua wembe. Kwenye picha, pembe ya juu ya gitaa ilikuwa imemeguka kipande. Akakwangua rangi ya buluu mahali hapohapo, polepole. Chini yake ikatokea gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, imejaza pengo lenye umbo lilelile. Chausiku akaweka kidole. Hakuweza kukitoa haraka.

"Mengine haya ni kawaida," Nilesh alisema. "Sumaku za kunasa sauti zimebadilishwa, zile za mwanzo ziliungua. Vitufe, sawa, vipuri havikuwepo. Lakini kichwa kilikuwa kizima, kimekatwa. Namba ya kiwanda imesagwa kwa msasa. Rangi nzuri kabisa imefunikwa kwa rangi ya trekta. Huyu hakuwa anatengeneza, dada. Alikuwa anaficha."

"Kule Zambia, anamficha nani?"

Nilesh akajitia kutafuta bisibisi, nayo iko mkononi mwake. Chausiku si mjinga, alishaelewa. Zambia nzima nani angelijua gitaa la tajiri wa Morogoro? Anayelificha hivi anaogopa macho ya Morogoro, na anayeogopa macho ya Morogoro anaishi karibu nayo. Alielewa na hakutaka, akanywa chai yote iliyokuwa inamuunguza ulimi.

"Halafu hii shingo," Nilesh alisema, kama mtu anayebadilisha mazungumzo. "Imechongwa nyuma, imekuwa nyembamba mno. Hiki ndicho kilichoua bei kuliko vyote, na sielewi alitaka nini."

Luqmani akaingia wakati huo, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, tope la majaruba ya mpunga limemkauka kwenye visigino. "Shikamoo dada," alimwambia Chausiku.

"Marahaba." Aliitika akimtazama mabega. Alikuwa ameyaangalia mabega hayo kwenye picha maisha yake yote.

Nilesh akamwuliza kuhusu shingo. Luqmani akacheka kidogo.

"Hiyo ni kwa ajili yangu. Nilikuwa mdogo, nataka kujifunza, mkono haufiki. Mzee akachukua kipande cha chupa akawa anaikwangua kila jioni, ananipimisha, anakwangua tena, mpaka vidole vyangu vikafika. Mama akamgombeza, unaharibu mali. Akasema mali ni huyu."

Chausiku akaitazama picha iliyokuwa kaunta. Vidole vyake vya miaka sita, havijafika. Aliona wivu, na akaona aibu, mtu mzima kama yeye kumwonea wivu mtoto ambaye sasa ana ndevu.

"Mzee wako anaitwa nani?"

"Mzee Latifu. Alikuwa mkulima wa mpunga. Kafariki mwaka jana, kabla ya masika."

Basi. Ndivyo alivyopewa habari ya kifo cha baba yake, juu ya kiti cha plastiki, katikati ya spika. Hata kulia hakuweza, maana mwenye kuleta habari hakujua anamletea nani.

Mwaka jana kabla ya masika. Chausiku alikumbuka, kulikuwa na arusi ya jirani, na Bi Hafidha alipaka hina hadi viwikoni akapiga vigelegele kuliko wasichana. Kumbe ni mjane. Eda yake ilianza, ikaenda, ikaisha, na mwenyewe yuko arusini na marashi yake, hajui.

"Mama yako alikaa eda?" aliuliza.

"Alikaa. Watu walijaa, tulimzika vizuri." Luqmani akainamisha kichwa. "Nisingeliuza hili gitaa, dada. Lakini mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema akipasuliwa ataona. Sasa Bwana Nilesh ananiambia lazima apatikane mtu wa kulitambua. Wewe unalitambua?"

Hapo palikuwa pagumu. Picha ilikuwa jirani na mkono wake. Angeirudisha mkobani akasema silo, na Nilesh angenyamaza, alimjua. Baba angebaki Zambia. Mama angeendelea kuwa mke wa mtu. Na yule mwanamke wa Dakawa, aliyelala na Abdulatif miaka yote hiyo, aliyempikia na kumzika, angebaki na giza lake. Kwa nini Chausiku amnunulie macho? Alilifikiria hilo kweli, msimfanye malaika. Mkono ulikwenda kwenye picha, ukaishika.

"Ndilo," alisema.

"Umejuaje?"

Akamsogezea picha. "Huyo mwanamume unamjua. Huyo mtoto ni mimi."

Luqmani hakuwahi kumwona baba yake akiwa kijana. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama mpaka chai ya Nilesh ikapoa. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Kwa hiyo wewe ndiye Chausiku."

Hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake tangu kijana aingie.

"Nani kakuambia jina langu?"

"Binti yangu wa kwanza anaitwa Chausiku. Mzee ndiye aliyempa jina. Nilimwuliza somo yake ni nani, akasema yuko mlimani. Nikadhani ni shangazi yake mzee mwenyewe."

Watu wanafikiri neno kama hilo linaponya. Chausiku lilimchoma, akasimama.

"Jina langu aliweza kulipeleka Dakawa, na yeye mwenyewe nauli ya Kinole ikamshinda? Tajiri alikufa mimi bado msichana. Bendi ikafa. Alikuwa anamwogopa nani?"

Luqmani akairudisha picha juu ya kaunta. "Nadhani alikuwa anawaogopa ninyi," alisema. "Tukija mjini kuuza mpunga, alikuwa anasimama kuuelekea mlima, anautazama tu. Nikimwambia siku moja tupande, anasema kesho."

Ndipo Chausiku akalia. Alilia kwa sauti, dukani mchana, wateja wawili wakafika mlangoni wakageuka. Nilesh akafunga mlango, akakaa naye bila kumbembeleza.

Alipotulia alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Mwambie mtu wako wa Dar ni la Abdulatif wa Mindu Jazz," alimwambia Nilesh. "Apige picha ya hii picha, yenyewe simpi. Na asituonee kwenye bei, kuna mama anataka macho."

"Dada," Luqmani alisema, "ukitaka libaki, tutatafuta njia nyingine. Na wewe ni haki yako."

"Uza. Gitaa nitalifanyia nini? Mimi nilikuwa namtaka mtu."

Luqmani akashusha macho. Kisha akauliza kwa upole, "Na mama, yupo?"

"Yupo. Anamsubiri."

Nilesh aligeukia dirishani. Chausiku alimtazama yule kijana wa mpunga, mabega, paji la uso, hata namna alivyosimama kaegemea mguu mmoja, kama mtu aliyezoea kubeba kitu kizito kinachoning'inia begani.

"Nikimwambia mimi atasema naongopa," alisema. "Leo utalala Kinole. Wewe simama mlangoni tu, atajua."